Kichwa Bila Kidonda

Saa moja na dakika ishirini asubuhi, siku ya Jumanne, msichana wa miaka tisa aliyekwisha kulazwa kwa dawa ya usingizi alifungwa fremu ya chuma kichwani. Fremu ilishikwa kwa skrubu nne, mbili kwenye paji la uso, mbili kisogoni. Wazazi wake hawakuona kazi hiyo ikifanyika. Walionyeshwa fremu nyingine ya aina hiyo hiyo, tupu, juu ya meza ya chumba cha ushauri. Baba aliinyanyua, akaipima uzito mkononi, akaangalia uzi wa skrubu kama ni mpana au mwembamba, akairudisha pale pale ilipokuwa.

Baba alikuwa fundi wa friji. Mama alipiga pasi katika kampuni ya dobi iliyofua mashuka ya hoteli na hospitali. Msichana aliitwa Kibibi, jina la utani alilolipata kwa sababu ya kutembea mikono ikiwa nyuma tangu akiwa na miaka miwili. Miezi saba kabla ya Jumanne hiyo alianguka darasani, akatapika, akalala siku mbili bila kujitambua. Picha ilionyesha fundo la mishipa ya damu, kubwa kiasi cha korosho, ndani ya ubongo upande wa kushoto, mahali ambapo kisu hakiwezi kufika bila kuharibu cha njiani.

Daktari alichukua penseli na karatasi.

"Kwa kawaida," alisema, akichora, "damu inakuja kwa nguvu kwa mshipa huu, inaingia kwenye vijishipa vyembamba sana, inapunguza kasi, halafu inarudi kwa mshipa huu mwingine. Kwa binti yenu, hapa katikati..."

"Hakuna kapilari," baba alisema.

Daktari akasimamisha penseli. "Umesomea udaktari?"

"Nimesomea friji. Gesi ikitoka kwenye kompresa ina presha kubwa. Kuna kibomba chembamba kama sindano, hicho ndicho kinachoishusha. Ukikiondoa, ukaunga moja kwa moja, upande wa pili hauna ubavu wa kuhimili. Unapasuka."

"Basi umenipunguzia kazi. Ndivyo hasa ilivyo."

"Kwa hiyo mnaweka kapilari?"

"Hatuweki. Tunaliziba hilo fundo. Mionzi inaingia kutoka pande nyingi, kila mmoja dhaifu, haudhuru unakopita. Inakutana mahali pamoja tu, pale kwenye fundo. Kuta za ile mishipa zinaanza kunenepa kwa ndani, polepole, mpaka zinafunga."

"Polepole kiasi gani?" mama aliuliza.

"Miaka miwili. Mitatu. Wengine minne."

"Na kabla ya hiyo mitatu?"

"Kabla ya hapo hali ni ile ile ya jana. Linaweza kuvuja siku yoyote. Uwezekano ni mdogo, lakini upo, na siwezi kuwaficha." Akavuta droo, akatoa karatasi iliyochapwa. "Kichwa kikimuuma ghafla, akitapika, akisinzia ovyo, upande mmoja ukilegea, msimpe dawa, msimlaze, msiende kwa jirani kuuliza. Mleteni. Kila anayekaa naye aisome hii."

Karatasi ilikuwa na mistari kumi na miwili. Mstari wa kwanza ulisema kwamba mtoto hakupasuliwa na hana jeraha. Mama aliikunja mara mbili, akaitia kwenye pochi yake.

Baba alikuwa bado anaiangalia fremu. "Daktari, mimi nikitengeneza friji namwachia mteja kile nilichokitoa. Kompresa iliyokufa, relei inayoiwasha, hata kipande cha waya. Nakiweka mezani. Ndipo ananilipa bila maneno. Nyinyi mtanipa nini cha kwenda nacho?"

"Hatutoi kitu."

"Hata kidogo?"

"Hata unywele. Kesho mnarudi naye nyumbani."

Mtoto alitolewa kwenye chumba cha mashine saa sita na robo. Kesho yake asubuhi alikuwa na plasta nne ndogo, mbili mbele, mbili nyuma, na njaa. Ilipofika Ijumaa plasta zilikuwa zimedondoka zenyewe. Zilibaki alama nne, kila moja kiasi cha kuumwa na mbu.

* * *

Jumamosi saa nne asubuhi watu wa mtaani walikuja kumpa mgonjwa pole. Walistahili kuja. Theluthi mbili ya gharama za hospitali ilitoka kwao, na aliyeongoza mchango alikuwa Karani, mzee aliyestaafu kazi ya mahakama, ambaye alipita nyumba kwa nyumba akiandika kila jina na kumpa kila mtu stakabadhi. Alitangulia mlangoni, kofia mkononi.

Msichana alitoka mbio ndani akiwa na vigoda viwili, kimoja kila mkono.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Mgonjwa yuko wapi?"

"Ni mimi."

Mtu mmoja nyuma alicheka, akajikohoza. Karani alimtazama mtoto kuanzia miguuni mpaka kwenye mabutu ya nywele, ambayo mama yake alimsuka Alhamisi. Akakaa.

"Yaani hivi?" alisema mwenye duka la kona, mwanamke mnene aliyetoa zaidi ya wote na aliyekuwa na haki ya kuanza. "Hata kunyoa hawakumnyoa! Mimi nilipasuliwa jipu la kidole, nikafungwa mkono mzima kama mtoto mchanga."

"Hakupasuliwa," mama alisema. "Ni mionzi. Haionekani."

"Mionzi! Mimi jua linanipiga mgongoni tangu nizaliwe, mbona mgongo haujapona?"

Walicheka, na mama naye alitabasamu kwa kuwa ndiye mwenye nyumba. Baba alileta diski ya picha ndani ya bahasha. Ilizunguka mikononi. Hakuna aliyekuwa na mashine ya kuisoma. Kisha akamwita mtoto, akafunua nywele kisogoni, akaonyesha alama mbili.

"Hivyo hata mbu analeta," mwenye duka alisema. "Niguse?"

Hakungoja jibu. Alikigeuza kichwa cha mtoto kwenye mwanga, akapekua nywele kwa kucha, butu kwa butu, kama anayetafuta chawa. Mtoto alisimama, mikono nyuma.

"Na amepona?" mwenye duka aliuliza.

"Itachukua miaka mitatu kujulikana," baba alisema.

Karani aliinuka, akavaa kofia. "Fundi, mimi sisemi kitu. Nimekaa mahakamani miaka thelathini na mmoja. Huko hatusemi kitu bila kielelezo." Akampa mkono, na mkono ulikuwa mlegevu. Walipokuwa wanatoka uani mtu alisema, si kwa sauti ya chini, kwamba labda walikwenda kutembea tu na pesa ya watu. Vigoda viwili vilibaki katikati ya chumba. Mama alivirudisha.

* * *

Karakana ya baba ilikuwa chumba kimoja chenye mlango wa bati, friji nane zimesimama milango wazi, na benchi la mbao. Chini ya benchi lilikuwepo sanduku la vifaa vilivyokufa. Baadhi vilingoja muuza chuma chakavu. Baadhi vilikuwa na kazi nyingine. Friji inapokufa kwa sababu ya waya uliolegea au vumbi, kazi yake ni ya dakika kumi, na mteja halipi dakika kumi. Kwa mteja wa namna hiyo fundi huacha mezani relei iliyoungua, iliyotoka kwenye friji ya mtu mwingine. Kazi imefanyika kweli, friji inagandisha kweli. Relei tu ndiyo ya kwingine. Alifanya hivyo kwa miaka kumi na minne na hakuna mteja aliyewahi kurudi kulalamika.

Jumatatu alikuja muuza nyama, ambaye chumba chake cha baridi ndicho kilichoiweka karakana hai. Naye alitoa mchango. Alisimama mlangoni akiangalia ukutani, zilikoning'inia geji mpya za kupimia gesi, za mkopo, zilizonunuliwa mwezi mmoja kabla mtoto hajaanguka.

"Naona tumeuguza vizuri," alisema. "Geji zimepona kabisa."

"Hizo ni za zamani."

"Za zamani zinang'aa hivyo? Sawa, fundi. Yule fundi mwingine wa ng'ambo ya barabara naye ana geji, ingawa hazing'ai." Akaondoka bila kusema alichokuja kutaka.

Saa kumi jioni baba alifunga karakana mapema, akapita duka la dawa, akanunua pamba na mikunjo miwili ya bandeji. Mama aliporudi kazini alimkuta mtoto amekaa kitandani, kichwa kimefungwa kuanzia kwenye nyusi mpaka kisogoni, na masikio yamebanwa humo humo.

"Ameanguka?"

"Hajaanguka."

"Sasa umemfunga nini?"

"Nimewafunga wao midomo."

Mama alikaa bila kuvua viatu. "Mpaka lini?"

"Wiki moja. Waje, waone, waende zao."

"Tungewaambia ukweli."

"Ukweli niliwaambia Jumamosi. Ulisikia ulivyopokelewa."

"Inawasha," mtoto alisema.

"Usikune. Mwenye kidonda hakuni."

"Wakiniuliza kama inauma niseme inauma?"

"Usiseme lolote. Wakikuuliza inamisha kichwa tu."

"Huo si uongo, baba?"

"Uongo ni kusema. Wewe hutasema."

Mama alisikia yote hayo. Alisogea, akatafuta ncha ya bandeji na kuanza kuifungua. Baba alidhani anaitoa. Lakini aliikunjua yote, akayaachia masikio nje, akaweka pamba juu ya sikio la kushoto, akaanza upya kwa mizunguko iliyopandana nusu kwa nusu.

"Umefunga kama bomba la friji," alisema. "Kwa ulivyofunga, hata kipofu angejua."

* * *

Bandeji ilifanya kazi siku iliyofuata. Mwenye duka alileta mayai kumi na mawili na machungwa, akalia kidogo. Alisema Jumamosi alikuwa anatania tu, kwani nani asiyejua utani wake. Baba alimweleza kwamba daktari aliamua kufungua mahali padogo baadaye, kwa usalama. Sentensi hiyo alikuwa ameiandaa, na aliisema mara moja tu. Kuanzia hapo wengine waliisambaza, na ilipowarudia ilikuwa imeongezewa saa sita za upasuaji na chupa tatu za damu. Karani alikuja, akaangalia, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Muuza nyama aliagiza chumba chake kikaguliwe.

Wiki moja ikawa mbili. Picha ya kumchunguza tena baada ya miezi sita ingehitaji mchango mwingine, na Karani alisema watu wako tayari maadamu wanaiona hali yenyewe. Mama alianza kuleta kutoka kazini vipande vya mashuka yaliyokataliwa, akavichana kwa upana wa vidole vinne, akavifua na kuvipiga pasi. Kila siku ya tatu aliifungua bandeji mlango ukiwa umefungwa, akakiosha kichwa, akakifunga tena. Shuleni mwalimu alimkalisha mstari wa mbele na kumwondoa kwenye michezo. Wenzake walimbebea mkoba. Ilipofika wiki ya nne mtoto aliidai bandeji mwenyewe asubuhi, kama anavyodai soksi.

Wiki ya sita shule zilifungwa, na mama akahamishiwa zamu ya alfajiri. Hapo akaja shangazi, dada mkubwa wa baba, kutoka mji mwingine, ili akae na mtoto. Shangazi alikuwa ameuza cherehani yake kwa ajili ya matibabu. Alifika Jumapili, akamkumbatia mtoto bila kukigusa kichwa, akasema, "Mwanangu wee, wamekuchokonoa." Hakuna aliyemsahihisha.

Jumanne mama alimvuta mumewe nje.

"Mwambie dada yako."

"Nitamwambia."

"Ile karatasi umempa?"

"Karatasi mstari wa kwanza inasema hana jeraha. Nikimpa, ataniuliza bandeji ni ya nini."

"Basi nitampa mimi."

"Aliuza cherehani, mama Kibibi. Siwezi kumwambia mlangoni tu. Jumapili tutakaa naye chini, nitamwambia mwenyewe."

"Jumapili hii?"

"Hii hii."

Mama alirudi ndani. Alimwambia wifi yake neno moja tu kuhusu kichwa: bandeji asiiguse, yeye mwenyewe ndiye huifungua.

* * *

Alhamisi, saa nne na dakika tano asubuhi, habari fupi za redio zilikuwa zimekwisha. Shangazi alikuwa anachambua mchele.

"Shangazi, kichwa."

"Kimefanyaje?"

"Kinauma. Huku ndani."

"Kidonda kikiuma kinapona, mwanangu. Kilichooza ndicho hakiumi. Njoo."

Alimpa nusu kidonge cha dawa ya maumivu na maji, akamlaza, akamfunika shuka. Saa nne na nusu mtoto alitapika. Shangazi alidhani dawa imekuta tumbo tupu, akajilaumu kwa hilo, akafuta sakafu, akamwekea beseni. Saa tano alimuuliza kama bado kinauma. Mtoto aliinamisha kichwa, hakusema lolote. Saa tano na nusu alikuwa amelala, anakoroma. Shangazi alifunga redio ili asimwamshe.

Saa sita na dakika kumi alitapika tena, akiwa usingizini. Shangazi alimpigia simu kaka yake. Baba alikuwa ndani ya chumba cha baridi cha muuza nyama, amevaa koti zito, anabadilisha feni. Simu ilikuwa nje, kwenye sanduku la vifaa, na kompresa ilikuwa inanguruma. Shangazi alipiga mara tatu. Hakumpigia wifi yake, kwa sababu zamu ilikuwa inakwisha saa sita na nusu na muda si mrefu angekuwa njiani.

Mama alifika saa saba kasoro dakika kumi. Aliona upande wa kulia wa mdomo umeshuka. Akamwita mtoto kwa jina lake halisi, mara moja. Akambana ngozi ya mkono wa kulia kwa kucha, kisha wa kushoto. Mtoto aliuvuta wa kushoto tu. Akamnyanyua, akatoka naye barabarani.

Karani ndiye mwenye gari. Hakuuliza kitu, alikwenda kuchukua funguo. Safari ilichukua dakika arobaini na tano, shangazi nyuma amekipakata kichwa, mama ameshika miguu.

"Kidonda kimetunga usaha, wifi," shangazi alisema. "Nilihisi tangu asubuhi. Usaha unapanda."

Mama aliangalia mbele.

Kwenye kitengo cha dharura walipokewa na tabibu kijana aliyekuwa zamu. Aliona bandeji, akaita mkasi.

"Alipasuliwa lini?"

"Wiki ya sita sasa," shangazi alijibu. "Kidonda kimeingia uchafu, daktari."

Tabibu alikata bandeji, akaondoa pamba, akageuza kichwa kushoto, akageuza kulia. Akamwita muuguzi alete taa. Walitenganisha nywele kwa vidole, sehemu kwa sehemu. Karani alikuwa amesimama miguuni pa kitanda, kofia mkononi.

"Kidonda kiko wapi?"

"Hakuna," mama alisema.

"Mama, nauliza mshono uko wapi."

"Hakuna mshono. Hakupasuliwa. Alipigwa mionzi, hapa hapa kwenu. Ana mishipa ndani. Imevuja." Alifungua pochi, akatoa karatasi, akaikunjua. Mikunjo yake ilikuwa bado mipya.

Tabibu alisoma mistari mitatu, akaitupa kitandani, akaanza kusukuma kitanda mwenyewe. Tangu kukatwa kwa bandeji mpaka kusomwa kwa karatasi zilipita dakika sita.

Shangazi alibaki na bandeji mikononi. "Hakuna kidonda, wifi?"

"Hakuna."

"Na hii?"

Mama alifuata kitanda. Karani alivaa kofia, akasema anakwenda kulisogeza gari, kwani ameliegesha vibaya.

* * *

Picha ilipigwa saa nane na nusu. Daktari yule yule wa Jumanne ya kwanza aliisoma, akatoka na fomu. Baba alikuwa ameshafika, bado amevaa koti la chumba cha baridi. Walikuwa watatu kwenye benchi la ukumbini, shangazi kati ya mke na mume.

"Ilianza saa ngapi?"

"Nilimkuta saa saba kasoro dakika kumi," mama alisema.

"Sikuuliza ulimkuta saa ngapi."

Shangazi akasema, "Saa nne na dakika tano."

"Una hakika?"

"Habari za redio zilikuwa zimeisha."

Daktari aliandika. "Ile karatasi ilikuwa wapi?"

"Kwenye pochi yangu," mama alisema.

"Aliyekuwa na mtoto hakuisoma?"

"Hakupewa."

"Kwa nini?"

"Mimi ndiye niliyemfunga bandeji," baba alisema.

"Sijauliza habari ya bandeji."

"Ndilo jibu lenyewe, daktari."

Daktari alimtazama, akaitazama fomu. Fomu haikuwa na nafasi ya jibu hilo. Akaigeuza upande wa pili, penye mstari wa sahihi. "Damu ni nyingi. Inakandamiza upande wa kushoto. Lazima tufungue fuvu tuitoe, sasa hivi. Anaweza kufia mezani. Asipopasuliwa atakufa. Soma, kisha weka sahihi."

Baba aliweka sahihi bila kusoma. "Mionzi ilikosea?"

"Mionzi haijakosea. Muda wake ulikuwa haujafika." Akachukua fomu. "Kuvuja kungeweza kutokea hata mngefanya kila kitu sawasawa. Hilo mlijue. Zile karibu saa tatu mlizompotezea nyumbani ni jambo jingine, na hilo pia mlijue."

Alipoondoka, shangazi hakugeuza uso. Aliongea akiangalia ukuta wa mbele.

"Niliuza cherehani. Nilikuomba kidonda mimi?"

"Hapana, dada."

"Nilikwambia nionyeshe?"

"Hapana."

"Nilimpa dawa. Nikamlaza. Nikamfunika shuka, wewe. Nikafunga redio ili asiamke."

Mama aliuliza kama kuna aliyekula tangu asubuhi. Hakuna aliyekuwa amekula, na hakuna aliyeinuka.

Karani alirudi saa tisa na nusu. Alikuwa na chupa tatu za maji, akampa kila mmoja yake. Akasimama mbele ya baba.

"Nitapita mtaani nikirudi, fundi. Wataniuliza. Niwaambie nini?"

"Waambie ulichokiona."

"Nilichoona ni kwamba mtoto hana kidonda."

"Basi."

Karani alingoja kidogo kama kuna la kuongeza. Kisha akaaga kwa mkono, mama kwanza, halafu shangazi, halafu baba.

Upasuaji ulianza saa kumi na dakika tano na kumalizika saa moja kasoro robo. Ijumaa mchana bomba la kupumulia liliondolewa na mtoto akapumua mwenyewe. Baba na mama waliruhusiwa kuingia kwa zamu, dakika kumi kila mmoja. Shangazi hakuomba zamu.

Jumamosi, saa mbili na dakika kumi asubuhi, mtoto alifungua macho. Daktari alimwinamia, akaweka vidole viwili ndani ya kiganja chake cha kushoto, akamwambia afinye. Akafinya. Daktari alizunguka kitanda, akaweka vidole vile vile ndani ya kiganja cha kulia, akamwambia afinye. Akangoja. Akarudia kwa sauti kubwa zaidi, akangoja tena; vidole vya mtoto havikujikunja. Mama alikuwa upande huo huo, ameuinamia mkono. Muuguzi aliandika matokeo ya mikono yote miwili, kisha akaandika saa.